Oili ya Datsun 240Z: ya gereji na ya kweli

Afrika Mashariki inaijua Datsun 240Z vizuri. Edgar Herrmann alishinda nayo Safari Rally mwaka 1971, Shekhar Mehta akashinda nayo tena mwaka 1973, na bado inakimbia kwenye mbio za magari ya zamani. Injini yake, L24, ina silinda 6 za mstari mmoja, ujazo wa lita 2.4 na kabureta mbili. Ni injini ngumu, ila ushauri mwingine wa oili inaopewa ni wa kuizika. Haya ndiyo yanayosemwa gereji, na ukweli wake.

"Gari la zamani litie oili nzito kuliko zote."

Chembe ya ukweli ipo: 20W-50 inaifaa L24 kwenye joto letu. Namba ya kwanza inaeleza tabia ya oili ikiwa baridi, ya pili inaeleza uzito wake kwenye nyuzi 100. Oili ya 20W hupimwa uwezo wa kuruhusu injini kuwaka kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, na asubuhi ya Julai Limuru au Njombe haikaribii huko. Lakini kupita 50, au kumimina zile dawa nzito za chupa, ni kuihonga geji. Mshale wa presha unapanda kwa sababu oili inapita kwa shida. Beringi iliyolika imebaki vilevile. Injini iliyofunguliwa na fundi makini, nafasi kati ya vipuri vyake zikarudi za kiwandani, inaridhika hata na 15W-40.

"Oili mpya zaidi ndiyo bora kwa injini yoyote."

Hapa ndipo pesa hupotea. Kemshafti ya L24, mhimili unaofungua valvu, inakaa juu ya silinda, na kila nundu yake inasugua roka (mkono unaosukuma valvu) moja kwa moja, bila gurudumu katikati. Eneo la mguso ni jembamba na springi za valvu zinakandamiza. Kinachookoa chuma ni ZDDP, kiambata chenye zinki na fosforasi kinachojenga utando juu yake. Magari yaliyokuja baadaye yana kikatalisti, kifaa cha kusafisha moshi, kwenye bomba la moshi, na fosforasi hukiharibu. Ndiyo maana viwango vya API, taasisi ya mafuta ya Marekani, vikaibana: kiwango cha SM cha mwaka 2004 kiliweka kikomo cha asilimia 0.08.

Wengi wakisikia hivyo hukata tamaa na kila oili ya dukani, na hilo nalo ni kosa. Kikomo hicho kinahusu oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30. Oili za 15W-40 na 20W-50 hazifungwi nacho, kwa hiyo unaweza kupata ya bei ya kawaida yenye fosforasi ya kutosha. Soma karatasi ya vipimo ya mtengenezaji. Ukiona asilimia 0.10 hadi 0.12, nunua. Picha ya gari la kale kwenye galoni haithibitishi kitu.

"Basi ongeza zinki, ikizidi ni heri."

Hapana. Ikizidi sana huanza kukishambulia chuma chenyewe. Kemshafti mpya ndiyo inayostahili oili ya pekee, kwa muda wa kuizoesha tu.

"Kemshafti imelika, oili ilikuwa feki."

Huenda. Lakini kwanza fungua kava la valvu. L24 za mwanzo zina mrija wenye matundu madogo unaoinyunyizia kemshafti oili. Tope likiziba tundu moja, au maungio ya mrija yakilegea, nundu inabaki kavu hata ukitumia oili ya bei ya kiwanja. Injini ikinguruma polepole utaliona tundu lisilotoa kitu.

"Sintetiki huvujisha."

Sili iliyokakamaa ndiyo inayovujisha. Sintetiki husafisha uchafu uliokuwa umeziba ufa. Badilisha sili.

"Oili ikiwa nyeusi imeisha."

Weusi ni masizi yaliyoshikwa na sabuni zilizomo kwenye oili, yaani inafanya kazi yake. Mimi ningehofia zaidi kijiti cha kupimia oili kinachonuka petroli. Kabureta inafurika, au diaframu ya pampu ya petroli imetoboka na petroli inashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na 20W-50 yako inageuka nyepesi kimyakimya.

"Halijafika kilomita 5,000, oili bado mpya."

Gari la kulala gereji hukusanya unyevu na asidi ndani ya injini, kwa hiyo mwaga oili mara moja kwa mwaka hata kama halikwenda popote. Na ukiliwasha, liendeshe mpaka oili yenyewe ipate moto, kwa sababu mshale wa maji hutangulia. Kulingurumisha dakika tano uani na kulizima kunaongeza maji kwenye sampu tu.