Usonji hautibiwi kwa vitamini

Pale Mwanjelwa, Mbeya, mzazi akitaja tu kwamba mwanae ana usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano), hachelewi kuambiwa kuna vitamini, mpe hizo ataongea. Hii stori si ya jana wala haijaanzia Mbeya, ilivuma Marekani miaka ya 1970 ambapo mwanasaikolojia Bernard Rimland, mwenyewe baba wa mtoto mwenye usonji, aliipigia debe vitamini B6 kwa dozi kubwa, baadae ikaunganishwa na magnesiamu. Nia nzuri kabisa. Ila watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walivyokaa kuzipitia hizo tafiti, 2005, wakakuta majaribio machache, watoto wachache mno, hakuna ushahidi wa kutosha kuipendekeza.

Sasa mbona wazazi wengine wanaapa imesaidia? Mtoto anakua bwana, maneno mengine yangekuja tu, na mara nyingi kipindi hichohicho ameanzishiwa mazoezi ya kuongea, sifa zote inapewa chupa ya vitamini.

Halafu B6 ikizidi kwa muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, mikono na miguu inakufa ganzi, na mtoto asiyeongea atakwambiaje?

Vitamini zina mahali pake lakini. Wengi wenye usonji wanachagua sana chakula, unakuta anakula wali mkavu na chai basi, maparachichi ya Rungwe yamejaa ndani hagusi hata moja, huyo anaweza kupungukiwa madini ya chuma au vitamini C. Apimwe, daktari amwongezee kilichopungua. Hapo umetibu upungufu, usonji uko palepale.