Caldo tlalpeño: supu ya kuku ya Meksiko, na moshi wake unakotoka

Caldo tlalpeño ni supu ya kuku yenye dengu, mboga na pilipili iliyokaushwa kwa moshi. Jina lake linatokana na Tlalpan, kusini mwa mji mkuu wa Meksiko. Ni supu nyepesi, haikazwi kwa unga wala krimu. Isichanganywe na pozole, ambayo uzito wake ni mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, wala na sopa azteca, inayotiwa vipande vya tortilla (chapati nyembamba za mahindi) vilivyokaangwa.

Jikoni kwetu chakula kikinuka moshi, mpishi amekosea. Hapa moshi ni kiungo, na hautoki kwenye jiko. Unatoka kwenye chipotle: pilipili aina ya jalapeño iliyoachwa ikaiva hadi ikawa nyekundu, kisha ikakaushwa polepole kwa moshi wa kuni. Chipotle aina ya morita ni ndogo, nyeusi yenye wekundu. Meco ni kubwa zaidi, rangi ya udongo mkavu, na moshi wake ni mzito zaidi kwa kuwa hukaa kwenye moshi muda mrefu. Zipo pia za kopo, ndani ya rojo la nyanya na siki.

Kwa watu sita, loweka gramu 200 za dengu kavu usiku kucha (dengu zile nene za rangi ya maziwa, si ndengu za kijani za Kenya). Zichemshe peke yake mpaka zilainike kabisa, saa moja au zaidi. Usizitie kwenye supu zikiwa ngumu ukitumaini zitaivia humo: uchachu wa nyanya na siki huzuia ganda na kiini kulainika, na zitabaki ngumu hata ukizichemsha mpaka jioni.

Kuku wa kilo 1.3, mkate vipande pamoja na mifupa, mtie kwenye lita 2.5 za maji baridi, nusu kitunguu, punje 3 za kitunguu saumu na vijiko 2 vya chai vya chumvi. Engua povu, kisha punguza moto mpaka maji yatetemeke tu. Yakitokota kwa nguvu, mafuta huchanganyika na maji na supu huwa na ukungu. Kuku wa kisasa hutosha dakika 40. Wa kienyeji anaweza kuchukua saa mbili. Kidari cha kuku wa kisasa kitoe mapema, dakika 25 hivi, kisikauke. Chuja supu, chambua nyama.

Sasa pilipili, na hapa ndipo supu hii hupatia au huharibika. Chipotle 2 kavu, toa mbegu, zipashe kwenye kikaango kikavu sekunde 20 kila upande. Zikiungua, uchungu wake hautoki tena. Zitupe uanze na nyingine. Loweka kwenye maji moto dakika 20, saga na nyanya 2 zilizochomwa na punje moja ya kitunguu saumu, kisha kaanga rojo hilo kwa kijiko cha mafuta dakika 5, mpaka likolee na mafuta yajitenge. Ukiliacha bichi, supu itakuwa na ladha ya nyanya tu. Ukitumia za kopo, anza na moja, maana siki yake nayo inaongezeka.

Mimina supu, tia dengu, karoti 2 na konzi ya maharage machanga. Dakika 15 zinatosha. Tawi la epazote, jani la Meksiko lenye harufu kali, hutiwa mwishoni. Giligilani inafaa mahali pake, ila harufu ni nyingine. Kukosa chipotle kunatibika kwa paprika ya moshi, kijiko kimoja na nusu cha chai, pamoja na pilipili kavu kidogo. Pilipili kavu peke yake ina ukali bila moshi.

Nyama, wali uliopikwa kando, parachichi na ndimu huwekwa bakulini, si chunguni. Wali hunywa supu yote, na parachichi likichemka huwa chungu. Supu iliyobaki huzidi ukali kesho yake. Ipunguze kwa supu ya kuku isiyo na pilipili, si kwa maji.