Meno yaliyopitiliza: maana yake kwa simbilisi na panya wa kufugwa

Baadhi ya meno ya wanyama wagugunaji hayaachi kukua: yanaota chini na kulika juu, maisha yote. Kuota kukizidi kulika, au taya zikiacha kukutana sawasawa, ndipo tunasema meno yamepitiliza.

Panya na hamsta wana meno 16, na yasiyokoma kukua ni manne ya mbele tu. Ukifunua mdomo utayaona. Rangi ya chungwa kwenye meno ya panya si uchafu, ni madini ya chuma. Na ya chini kuwa marefu kuliko ya juu ni kawaida.

Simbilisi ni habari nyingine. Ana meno 20 na yote yanakua, magego yakiwemo. Magego ya chini yameinamia ndani, kwa hiyo yakipitiliza huufunika ulimi kama daraja. Mnyama anakimbilia chakula, anaokota kipande, anakigeuzageuza mdomoni, kinamdondoka. Kidevu kimelowa mate, kinyesi kimekuwa kidogo na haba. Mara nyingi meno ya mbele hurefuka kwa sababu magego yanazuia mdomo kufunga. Ukipunguza ya mbele pekee hujatibu kitu.

Na usipunguze kwa kikata kucha. Jino hupasuka kwa urefu, ufa unafika kwenye neva, baadaye jipu la taya. Daktari huyasaga kwa mashine, mnyama akiwa kwenye nusukaputi. Simbilisi hafungishwi kula usiku kucha kabla ya hapo: hana uwezo wa kutapika, na utumbo wake ukikaa mtupu husimama. Akiandikiwa amoksilini ya kunywa, omba dawa nyingine. Hiyo huvuruga bakteria wa utumbo wake na inaweza kumuua.

Kinachosaga magego ni nyasi kavu, ziwepo muda wote. Kipande cha mti cha kuguguna husaidia ya mbele tu. Vitamini C, miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isikosekane, maana kiseyeye hulegeza meno yakakaa upande. Usiiweke kwenye maji, huharibika upesi.

Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni. Simbilisi wa gramu 900 akishuka hadi 810, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama bado anakimbilia sahani.