Nyota moja usiku wa Jumamosi: maoni ya mtandaoni na biashara ndogo

Mama mwenye gesti ya vyumba sita Moshi alifika kwenye dawati letu la ushauri Jumatatu, kabla hatujafungua hata madirisha. Akakaa, akalaza simu mezani kioo chini, akasema, "Nimechafuliwa." Hadi Jumamosi jioni ukurasa wake kwenye ramani za Google ulikuwa na maoni 23 na wastani wa nyota 4.8. Jumapili alipotoka kanisani akakuta maoni 33, wastani 3.6. Kumi mapya, yote nyota moja, saba hayana hata neno. Mchana ukaingia ujumbe wa WhatsApp kutoka namba ya nje ya nchi: wameona biashara yake inashambuliwa, wanaweza kuyaondoa yote siku hiyo hiyo, gharama dola 120. Swali lake kwetu lilikuwa moja tu. "Nitume?"

Asitume. Anayejitokeza kuzima moto saa chache baada ya kuwaka, mara nyingi ndiye mwenye kiberiti. Ukimlipa umemwonyesha kwamba unazo na unaogopa, na mwezi ujao atarudi na bei mpya. Wengine wanalipa, nyota zinatoka, wiki inapita, zinarudi zile zile kwa majina mengine.

Lakini kabla ya hatua yoyote tulimwomba atusomee yale maoni moja baada ya jingine, kwa sauti. Hatukuwa na nia ya kumtesa. Watu wanaokuja kwetu na shida hii huita kila kitu kuchafuliwa, na ndani ya neno hilo huwa tunakuta mambo matatu yasiyofanana: mteja aliyeudhika kweli, mtu anayezusha, na mtu anayetaka hela. Kila mmoja ana mlango wake. Ukimpeleka mteja aliyeudhika polisi utajiharibia, na ukimjibu mlaghai kwa unyenyekevu, "samahani sana mpendwa mteja", unawaambia wasomaji wote kwamba kweli alilala kwako.

Tuanze na anayetaka hela. Huyu anatisha kuliko wote, lakini kwake hatua zinajulikana. Kwanza ushahidi, kabla ya kumblock na kabla ya kumtukana. Piga skrinishoti ya kila oni likiwa na jina la akaunti na tarehe, nakili linki yake, kisha fungua akaunti hiyo uone imeandika nini kwingine. Akaunti mbili kati ya zile kumi zilikuwa zimeipa nyota moja kliniki ya meno ya Manila na gereji ya Dubai, siku ile ile zilipodai kulala Moshi. Ujumbe wa WhatsApp usikate, usifute, na uache namba ionekane. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya 2015, kifungu cha 18, inairuhusu mahakama kupokea ushahidi wa aina hii, ila inapima ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa, kama umebaki mzima na kama aliyeutuma anatambulika. Skrinishoti iliyozungushwa kwenye magrupu matatu na kuchorwa mduara mwekundu ina kazi ngumu mbele ya hakimu. Weka simu yenye mazungumzo yenyewe.

Halafu ripoti. Mwishoni mwa 2025 Google ilifungua fomu maalumu ya wafanyabiashara wanaotishwa kwa maoni ili watoe hela, na hapo ndipo zile skrinishoti za WhatsApp zinapofanya kazi, kwa sababu ukurasa wa maoni peke yake hauonyeshi kwamba kuna mtu amedai dola 120. Nenda pia kituo cha polisi ukachukue RB, namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha au kumsumbua, na Kanuni ya Adhabu nayo ina kosa la kudai mali kwa vitisho. Namba ya nje ya nchi ni ngumu kuifuatilia, hatutamdanganya mtu. Ikiwa ni ya hapa, laini imesajiliwa kwa alama za vidole, na unaweza kuiripoti kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040.

Wenye kampuni za kupandisha wageni Kilimanjaro wana toleo lao la kitisho hiki, na linakuja uso kwa uso. Mgeni ameshindwa na mwinuko, amekatisha safari usiku kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, na asubuhi mezani anasema: nirudishieni nusu ya pesa, la sivyo naenda Tripadvisor, tovuti ya maoni ya wasafiri. Ada za hifadhi zilishalipwa, wapagazi wameshabeba, mkataba unasema wazi. Wengi hunyamaza wakiomba Mungu asahau. Kumbe Tripadvisor ina sehemu, ndani ya akaunti ya mmiliki, ya kuripoti kitisho kabla oni halijaandikwa, na muda huo ndio wenye thamani. Ripoti iliyoingia Jumanne, oni likaingia Alhamisi, ina uzito ambao maelezo ya Ijumaa hayana. Andika jioni ile ile: nani, safari gani, alisema nini, nani alisikia.

Hapa tuweke mpaka, maana tumeona watu wakiuvuka. Mteja aliyepewa chumba chenye maji ya baridi wakati alilipia ya moto, akasema "nirudishieni kidogo, vinginevyo nitaandika", si mlaghai. Ana dai la haki na amekosa tu adabu ya kulisema. Mlipe kinachomstahili kwa sababu kinamstahili, na usimwekee sharti la kufuta alichoandika. Siku sharti hilo likitoka hadharani, hakuna atakayekumbuka maji ya baridi. Watakumbuka ulinunua ukimya.

Wa pili ni mzushi: mshindani wa mtaa wa pili, mfanyakazi uliyemwachisha, shemeji mliyegombana kwenye msiba. Kosa tunalolikuta karibu kila mara ni kuripoti kwa maneno "huyu anadanganya". Google haiamui nani mkweli kati yako na mteja, na inasema hivyo wazi. Inachoamua ni kama oni limevunja kanuni zake: limeandikwa na mtu ambaye hakupata huduma, lina mgongano wa maslahi, lina matusi au kitisho, linataja mambo ya siasa badala ya huduma, limemwaga taarifa za mtu binafsi. Kwa hiyo kwenye vile vidoti vitatu pembeni ya oni usibonyeze sababu ya kwanza unayoiona. Chagua inayolingana na ushahidi ulionao. Wakikataa una rufaa moja, na kwenye rufaa unaweza kueleza, kwa mfano, kwamba mwandishi alikuwa mpishi wako hadi Machi. Hasira usizipeleke huko. Peleka tarehe.

Sasa wa tatu, ambaye ndiye wengi wetu tunaye: mteja halisi, mwenye maneno makali, na ndani ya maneno hayo kuna sentensi moja ya kweli. Mama wa Moshi alipokuwa akitusomea orodha yake ya zamani alifika kwenye oni la nyota mbili la miezi minne nyuma na sauti ikapungua. Mgeni alilalamika kwamba aliomba chai ya saa kumi na moja alfajiri kabla ya basi na hakuna aliyeamka. "Hiyo ni kweli," akasema. "Binti alilala." Chini yake alikuwa amejibu hivi: *Wewe ulikuja usiku wa manane na yule mwanamke uliyesema ni dada yako, leo unajidai mtakatifu?*

Tulicheka kidogo, naye akacheka. Lakini jibu lile lilikuwa na hatari kuliko nyota zote kumi za Jumamosi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamgusa kila anayekusanya taarifa za wateja, na kitabu cha wageni cha gesti ni taarifa za wateja. Nani alilala na nani, namba ya simu, ugonjwa aliomwambia kinyozi au mfamasia, deni la duka: hivyo havitoki kwa sababu mtu amekuudhi. Kenya, yenye sheria yake ya 2019, walishafika kwenye faini. Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Wale wa Instagram wanaoposti picha ya mteja "tapeli" wasome hapo mara mbili.

Jibu tuliloandika naye likawa na sentensi tatu. *Ni kweli chai haikuwa tayari, kosa ni letu. Tangu wakati huo zamu ya alfajiri inaanza saa kumi, na chupa ya chai huwekwa mapokezi usiku kwa wanaowahi basi. Ukipita tena Moshi, karibu.* Hakuna "mpendwa mteja wetu wa thamani". Aliyeandika huenda hatalisoma kamwe. Anayelisoma ni mtu aliye Mwanza au Munich, kidole kikiwa kati ya gesti yako na ya jirani, anataka kujua ukikosea unakuwaje. Watafiti Davide Proserpio na Georgios Zervas walifuatilia hoteli za Texas katika utafiti uliochapishwa 2017, wakakuta hoteli zilizoanza kujibu maoni zilipata maoni mengi zaidi kwa asilimia 12 na wastani ukapanda kwa nyota 0.12. Sehemu ya maelezo yao inachekesha: mtu mwenye lalamiko la kijinga anasita kuliandika akijua mwenye nyumba anasoma.

Kuhusu kwenda mahakamani, ushauri wetu ni mwanasheria kwanza na hasira baadaye. Uongo unaotaja jambo mahususi na kuharibu biashara una dawa yake kisheria. Ila itazameni hoteli ya kisiwa cha Koh Chang, Thailand, mwaka 2020. Mgeni Mmarekani aligombana na hoteli kwa kutozwa hela kwa chupa yake mwenyewe ya jini, akaandika maoni makali, hoteli ikamshtaki kwa kashfa na akalazwa mahabusu siku mbili. Dunia nzima ikasoma. Mgeni aliomba radhi, kesi ikaondolewa, lakini Tripadvisor iliweka tangazo kwenye ukurasa wa hoteli kuwaonya wasafiri kwamba hapa mgeni aliwahi kufungwa kwa sababu ya maoni. Kimahakama hoteli haikupoteza kitu.

Limebaki jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawalipigii hesabu, na ni hesabu tupu. Mwenye maoni manne ya nyota tano akipigwa nyota moja anashuka hadi 4.2. Mwenye maoni 60 ya nyota tano akipigwa hiyo hiyo anabaki 4.9. Udhaifu wa gesti ya Moshi ulikuwa uchache: wageni mamia kwa mwaka, maoni 23. Waliofurahi waliondoka kimya. Omba, basi, lakini omba wote bila kuchagua wenye sura ya furaha, na usiahidi soda wala punguzo, maana Google inakataza kulipia maoni. Kununua nyota tano za akaunti feki ndiyo njia ya kujiweka mikononi mwa watu wale wale wa dola 120, safari hii wakiwa na siri yako. Usitamani 5.0 kamili pia. Watafiti wa chuo kikuu cha Northwestern, Marekani, walikuta uwezekano wa mtu kununua unafika kilele kati ya nyota 4.0 na 4.7, kisha unapungua wastani unapokaribia tano. Mnunuzi anashtuka.

Mama hakutuma. Hadi Jumanne ya wiki ya pili Google ilikuwa imeondoa maoni saba kati ya kumi. Matatu yalikuwa bado yapo, na chini ya kila moja ameandika: *Hatuna mgeni wa jina hili kwenye kumbukumbu zetu za mwezi huu. Tumeripoti. Kama ulilala kwetu kweli, tupigie simu ya mapokezi.* Meza ya kifungua kinywa sasa ina kadi ndogo yenye QR inayofungua ukurasa wa maoni, imeegemezwa kwenye chupa ya asali, na wageni tisa wameshaitumia. Wastani umerudi 4.5. Wanane walitoa tano, mmoja akatoa tatu kwa sababu ya jogoo anayewika saa tisa usiku. Mama alijibu mwenyewe, bila kutuuliza: *Jogoo ni wa jirani, tumemwomba, hajakubali. Chumba namba 5 kiko upande wa pili, ukija tena tutakuwekea hicho.*