Nani anaamua saa ya kuamka?

Ninapomtembelea kwa mara ya kwanza mtu mwenye ulemavu aliyerudi nyumbani kutoka kituo cha kutunzia watu wenye ulemavu, huanza na swali moja: unapenda kuamka saa ngapi? Wengi hunyamaza. Aliyezoea kuamshwa, kuogeshwa na kulishwa kwa kufuata zamu za wafanyakazi hana jibu la haraka, kwa sababu hajaulizwa siku nyingi.

Mimi ni mtaalamu wa utengamao, yaani kazi yangu ni kumsaidia mtu mwenye ulemavu kumudu maisha yake ya kila siku, na swali hilo ndilo kipimo changu. Mwaka 2017, Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Watu wenye Ulemavu ilipofafanua ibara ya 19 ya Mkataba wa 2006 wa haki hizo, inayohusu haki ya kuishi kwa kujitegemea katika jamii, ilisema wazi kwamba kujitegemea si suala la jengo. Makao ya watu zaidi ya mia, nyumba ya watu watano hadi wanane, hata makazi ya mtu mmoja, hayahesabiki kuwa maisha ya kujitegemea ikiwa anayeishi humo hana kauli juu ya nani amhudumie, ale nini na alale saa ngapi. Nimeingia nyumba nzuri sana ambazo kwa kipimo hicho zilikuwa kituo.

Mara nyingi kinachombakiza mtu kituoni ni mkondo wa fedha, wala si ukali wa ulemavu wake. Katie Beckett, mtoto wa Iowa nchini Marekani aliyehitaji mashine ya kupumulia, alikaa hospitalini sehemu kubwa ya miaka ya mwanzo ya maisha yake kwa sababu mpango wa serikali ulilipia hospitali ila si nyumbani, ingawa nyumbani ilikuwa nafuu. Alirudi kwao mwishoni mwa 1981, baada ya Rais Reagan kuingilia kati, na akaishi hadi 2012. Mwaka 1999, katika kesi ya Olmstead, Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba kumtenga mtu kituoni bila sababu ya msingi ni ubaguzi. Hukumu hiyo ilikuja miaka kumi na minane baada ya yule mtoto kufika kwao!

Nyumbani nako kuna kazi, na anayesema upendo unatosha hajawahi kumhamisha mtu mzima kutoka kitandani hadi kwenye kiti mwendo mara sita kwa siku. Migongo ya akina mama huharibika hivyo. Ubao laini wa kutelezea, pamoja na mafunzo ya siku chache, huokoa migongo mingi. Asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe usiku na mchana, aghalabu kila baada ya saa mbili, la sivyo vidonda vya mgandamizo, vinavyotokana na kulalia upande mmoja muda mrefu, vitamrudisha hospitalini. Mlango uwe na upana wa sentimita 80 au zaidi. Na lazima awepo mtu wa pili, anayelipwa na aliyefunzwa, ili wa kwanza apate kulala. Mpango unaomtegemea ndugu mmoja tu siusaini, hata familia inisihi vipi, maana siku ndugu huyo akiugua, mlango uliobaki wazi ni wa kituo.

Huwa naulizwa: na asiyeweza kusema je, ataamua vipi? Huyo naye ana jibu, ila tunalisoma kwa macho. Nilimhudumia kijana asiyezungumza ambaye kila asubuhi alikaza mwili na kufumba macho wakati wa kuoga. Kituoni waliandika kwamba ni mkaidi. Nyumbani, dada yake alipendekeza tumwogeshe jioni. Tulijaribu kwa wiki mbili, na mikono yake ikalegea ndani ya maji. Asubuhi sasa analala hadi saa tatu.