Matumbawe ya tangini na joto la Dar

Miongozo mingi ya kufuga matumbawe imeandikwa na watu wa nchi za baridi, ndiyo maana haikosi kukuambia ununue hita. Hapa Dar hita itakulalia kabatini. Sisi shida yetu ni kupoza maji, hasa Januari hadi Machi. Wanaonipigia kulalamika kwamba "jiwe limekuwa jeupe" hupiga miezi hiyohiyo.

Kwanza, si jiwe. Ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipu, na ndani ya nyama yao unaishi mwani wa seli moja unaotengeneza sukari kwa mwanga na kumlisha mwenyeji sehemu kubwa ya riziki yake. Joto likizidi, mwani huo unavurugika na kutoa oksijeni kali inayounguza seli. Polipu humfukuza mpangaji, na rangi inaondoka naye. Kinachobaki ni nyama angavu, mifupa ya chokaa inaonekana kwa nyuma. Lakini bado ni hai. Zima taa usiku, subiri kidogo, kisha mulika kwa tochi hafifu: utaona mikono myembamba imetokeza kuwinda. Likipozwa mapema hupona. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka hivyo, na mengi hayakurudi.

Tangini lenga nyuzi 25 hadi 27. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili hivi, kwa kuyafanya yavukize. Machi, hewa ikijaa unyevu, feni hiyohiyo inashindwa. Hapo washa taa za tangi kuanzia jioni hadi usiku wa manane, mchana zizimwe, ili joto lao lisiongezeke kwenye la mchana. Kumbuka chumvi haivukizi: kilichopungua jaza kwa maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa, usijaze ya bahari, la sivyo utavuka gramu 35 za chumvi kwa lita bila kujua.

Na usiende kung'oa matumbawe kwenye visiwa vya Mbudya wala Bongoyo, ni maeneo tengefu tangu 1975. Tafuta vipande vilivyokuzwa tangini, vyenye kibali.

Umeme ukikatika, joto si la kwanza kuua. Maji yakitulia oksijeni hupungua, na maji ya moto hubeba kidogo tangu mwanzo. Pampu ya hewa ya betri inunuliwe kabla ya zile taa za bei mbaya.