Je, wajua kwa nini shimo lililochimbwa chini ya bahari huonekana kama nundu kwenye mwamba?

Kwenye majabali ya pwani ya Aberystwyth, magharibi mwa Wales, kuna matabaka ya mawe ya mchanga yaliyojitokeza nje kama vibaraza. Wengi huyatazama kwa juu na kupita zao. Mwanajiolojia huinama akachungulia upande wa chini. Huko kumejaa vinundu virefu vyenye umbo la ulimi, vyote vimelala kuelekea upande mmoja. Ni alama za mmomonyoko uliotokea chini ya bahari miaka milioni 430 hivi iliyopita.

Lakini mmomonyoko si huchimba? Vipi uache nundu badala ya shimo?

Mfikirie mpika vitumbua. Kikaango chake kina vishimo. Uji wa mchele ukimiminwa na kuiva, kitumbua hutoka na tumbo la mviringo. Tumbo lile ndilo umbo la kishimo. Sasa fanya kwamba kikaango kimeoza kikaisha, vikabaki vitumbua peke yake. Hayo ndiyo yaliyotokea Wales.

Kikaango chenyewe kilikuwa tope. Sakafu ya bahari kuu ni mahali patulivu, ambapo udongo laini hutuama punje kwa punje hadi ukashikana kama wa mfinyanzi. Utulivu huo huvunjwa mara mojamoja. Mchanga na tope vilivyorundikana kwenye mteremko wa bara, yaani ukingo wa bara unaoshuka chini ya bahari, huporomoka, labda kwa tetemeko la ardhi au mafuriko ya mto, vikachanganyika na maji. Mchanganyiko huo ni mzito kuliko maji yanayouzunguka, kwa hiyo hushuka ukikumbatia sakafu. Tuuite mkondo wa tope.

Nguvu yake si ya kubeza. Mnamo Januari 2020 mkondo wa namna hiyo uliteremka kwenye korongo la chini ya bahari linaloanzia mdomoni mwa Mto Kongo. Ulisafiri zaidi ya kilomita 1,100, na badala ya kuchoka ukazidi kuongeza kasi, kutoka mita 5 hivi kwa sekunde hadi 8. Ulikata nyaya za mawasiliano za SAT-3 na WACS, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika. Waliokuwa wakilaumu kampuni zao za simu hawakujua mkosaji ni tope.

Kichwa cha mkondo kinapopita, maji yake hayaendi sawasawa. Yanazunguka na kujipinda. Yakikuta kasoro ndogo sakafuni, tuseme tundu la mnyoo, mzunguko hunasa hapo na kuanza kukwangua. Upande mkondo unakotokea, shimo huwa na kina na ncha butu. Upande unakoelekea hupanda taratibu na kupanuka hadi likapotea. Mara nyingi urefu wake ni sentimita chache hadi makumi kadhaa.

Linalonivutia zaidi ni hili: mchimbaji ndiye mfukiaji. Mkondo uleule ukipunguza kasi hushindwa kubeba mzigo wake, ukaanza kuutua, mchanga mzito kwanza, kisha mwembamba, mwishowe tope. Shimo linajazwa pengine ndani ya saa chache tu. Alama za ufukweni hufutwa na bamvua lijalo, lakini kule chini hakuna mawimbi ya kufuta. Mikondo mingine ikipita baadaye huongeza matabaka juu, uzito unakamua maji, na madini yanagandisha mchanga kuwa jiwe. Tope nalo huwa mwamba, ila dhaifu. Siku matabaka yanapoinuliwa juu ya bahari, mvua na upepo hula ule mwamba wa tope kwanza. Jiwe la mchanga linabaki na tumbo lake nje.

Hadi katikati ya karne ya 20 wataalamu wengi hawakuelewa mchanga ulifikaje kwenye bahari kuu. Mwaka 1950 Mholanzi Philip Kuenen, aliyekuwa akitengeneza mikondo kama hii ndani ya matangi, alichapisha makala pamoja na Mwitaliano Carlo Migliorini wakieleza kwamba mkondo wa tope ndio unaopanga mchanga kwa tabaka, punje kubwa chini na ndogo juu. Kuanzia hapo vinundu vikawa na maana mpya.

Ncha butu huonyesha mkondo ulikotoka, hata kama bahari yenyewe ilikwisha kutoweka zamani. Tena vinundu hukaa chini ya tabaka, kamwe si juu. Katika milima iliyokunjwa, kama Apenini ya Italia, mwanajiolojia akikuta vinundu vimeelekea angani, anajua mara moja kwamba tabaka zima limepinduliwa, na lile analolikanyaga kama la juu ndilo lililotangulia kutua.